Wenye Midomo

3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za kaka yako, ambaye hawezi kuzituma mwenyewe lakini nimeishi naye vya kutosha kujua angesema nini. Hujambo huko? Kazi inaendaje? Na kile kifua? Mara ya mwisho ulisema kikohozi kimehamia kabisa, kama mgeni aliyepewa chumba chake. Nenda kwa daktari, wifi. Usiwe kila siku unawapeleka wazee wa watu hospitali halafu wewe mwenyewe unajitibu kwa maji ya moto.

Sisi tupo. Tangu kile kiharusi kaka yako hajabadilika sana. Upande wa kulia umelala, maneno hayajarudi, lakini hakuna linalompita. Uji akiuchoka anafunga mdomo na hakuna wa kuufungua. Mwanangu bado yuko kwenye malori, leo mpaka huu kesho mpaka ule, anakuja anapoweza. Kwa hiyo ni mimi na mume wangu tu. Namgeuza, namwosha, nabadilisha shuka, nafua shuka, namgeuza. Bega langu la kushoto limeanza kunisema.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi nilikuwa uani naanika, wakaingia wasichana wanne, wamevaa yale makoti ya bluu ya kiwandani kwetu. Mbele alikuwa mmoja amenyoa nywele zote, wenzake wanamwita Kipara.

"Shikamoo mama. Tunamtafuta Kishindo."

Jina hilo, wifi, sijaitwa tangu Kimya wetu wa gitaa afariki. Nikabaki na kibanio cha nguo mdomoni.

"Nani kawaambia Kishindo anakaa hapa?"

"Mama mmoja wa kitengo cha vifungo. Alisema ukimkuta mwanamke anakung'uta shuka kama anaipiga, ndiye."

Nikawakaribisha ndani. Kitanda cha kaka yako nimekihamishia sebuleni karibu na dirisha, basi wakakaa chini wamemzunguka kama wageni wa mgonjwa. Kipara akatoa simu, akabonyeza, ikatoka ile kaseti yetu tuliyorekodi gereji. Sijui nani aliihifadhi. Wewe unaimba nusura upasuke, Kimya anachana gitaa, na mimi nyuma nakimbizana nanyi kama mtu aliyeachwa na basi. Wanasema muziki ule wa kelele na hasira unaitwa panki, na kwamba kuna wanawake nchi nyingi waliupiga. Nikawaambia sisi hatukujua. Tulidhani tunapiga vibaya.

Nao wana bendi yao, wanajiita Midomo Mipya. Mpiga ngoma wao amepata kazi mji mwingine, na Agosti wana onyesho kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Wanataka nipige nao. Wanataka na wewe uje uimbe.

Halafu Kipara akamtazama kaka yako pale kitandani, akaninong'oneza, "Ni huyu?"

"Ni huyu nini?"

"Aliyewavunja. Kiwandani wanasema bendi ilivunjwa na mume wa mpiga ngoma."

Kaka yako akafumba macho. Nilikwenda jikoni kuutazama uji, na uji ulikuwa hauna tatizo lolote.

Niambie unaonaje.

Wifi yako,
Kishindo


27 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi mzima, kifua kipo. Daktari nimemwona, akasema nipumzike, tukacheka wote wawili. Mshike kaka yangu mkono ule unaosikia, mwambie dada yake anamsalimu na hajamsahau.

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa juu ya kikapu cha mashuka machafu. Wewe shuka zako ni za mtu mmoja, mimi zangu ni za ghorofa nzima ya wazee. Nilipofika pale pa Agosti, uchovu ukanipanda kutoka miguuni.

Hao watoto wanataka hadithi. Basi wape yote, wasibaki na kaseti tu. Waambie vyombo tulivipata kwa bendi ya hoteli iliyosambaratika, na ngoma moja ilikuwa imetoboka ukaiziba kwa ngozi ya begi. Waambie jina la Wenye Midomo hatukulitunga sisi. Msimamizi wa zamu ndiye aliyesema mbele ya watu, "Nyinyi watatu mna midomo," kwa sababu tuliuliza kwa nini tunashona tumesimama kutwa nzima. Waambie tulipiga kantini saa ya chakula, katikati ya wimbo wa pili wakazima umeme, wewe ukaendelea, kwa sababu ngoma haitumii umeme. Redio walisema sauti yangu si ya mwanamke. Kwenye ile baa ya stendi walirusha chupa, moja ikampata Kimya kwenye nyusi, naye akafuta damu kwenye nyuzi akaendelea na ubeti. Ndiyo maana alipofariki sikuamini kwamba kuna kitu kilimshinda.

Na waambie juu ya wale wanawake waliokuwa wanakuja nyuma ya gereji, watoto mgongoni, kusikia "Usiniite Mama Nani". Unakumbuka tulikuwa tunawauliza mmoja mmoja jina alilopewa na wazazi wake, nami naliimba? Yule muuza mkaa alichukua muda kulikumbuka lake. Nilipoliimba alikaa chini kwenye vumbi.

Ukimaliza hayo, waambie na ilivyoisha. Mimi sikuacha, nilifukuzwa kazi, na mji ule ukakosa mlango wa kunifungulia. Kimya hakuacha. Wewe uliolewa na kaka yangu, miezi haikupita mingi, ngoma zikauzwa. Nampenda kaka yangu, na kwa hali aliyo nayo siwezi kumsema. Lakini huyo Kipara hakukosea kuuliza.

Kuhusu kuimba, usinihusishe. Sauti ile haipo. Siku hizi nikimwita mzee kutoka upande wa pili wa chumba cha kulia, ananionyesha sikio kwamba hasikii.

Kaa salama.

Wifi yako,
Honi, jina ambalo huku hakuna anayelijua


30 Machi

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umepata nafuu. Kaka yako nimemshika mkono kama ulivyoniagiza. Alinibana vidole, kwa hiyo salamu zimefika. Mimi sijambo, ukiacha bega.

Barua yako ilikaa juu ya kabati siku nyingi kabla sijajua la kuandika. Sasa nakuandikia, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuchemka.

Kaka yako hakuniambia niache. Jumapili ile wewe ulikuwa umeshafukuzwa, tukafanya mazoezi watu wawili, mimi na Kimya. Nilikuwa nimetoka zamu, nimebeba maji, nimefua, nimepika. Katikati ya wimbo nikalala. Sisemi nilisinzia, nililala, paji la uso juu ya ngoma. Kimya akapiga peke yake mpaka mwisho, taratibu, asije akaniamsha. Kaka yako alipokuja na mkokoteni kuchukua vyombo kama kawaida yake, alinikuta hivyo. Njiani akaniambia, "Ukitaka kuendelea, nitakubebea. Ukitaka kuacha, nitaziuza." Nikamwambia uza.

Ni hivyo tu. Hakunikataza. Sufuria pia hakuwahi kushika, tuseme kweli yote, na hilo angelikumbuka asubuhi moja kwa wiki, labda nisingelala juu ya ngoma. Lakini hakuna aliyenivunja, wifi. Nilichoka. Tuliimba juu ya wanawake waliochoka, halafu sisi wenyewe tulipochoka tukaanza kumtafuta aliyetufanyia. Na sikuombi radhi kwa kuchoka.

Nimemweleza Kipara hivyo hivyo, mbele ya kaka yako. Alimwendea, akamwambia, "Samahani, mzee." Sijui kama alimsamehe. Alifumbua macho.

Sasa la pili. Wiki iliyopita mmoja wao alibaki na mgonjwa, Kipara akanipeleka kiwandani. Tulipitia nyuma kule kunakopakiwa mizigo, akanifungulia mlango wa ukumbi wa cherehani kidogo tu, nichungulie.

Wanakaa, wifi.

Ukumbi mzima. Kila mtu na kiti chake cha chuma, vingine wameviwekea mito ya vitambaa vya mabaki. Nikamuuliza Kipara tangu lini. Akamwita yule mama wa vifungo, ambaye nilimkumbuka alikuwa msichana mwembamba wa kufagia nyuzi. Akanieleza kwamba sisi tulipoondoka, wanawake walibaki na ule wimbo wa "Kiti". King'ora cha zamu kikilia, kabla hawajakanyaga cherehani, wanaimba ubeti mmoja: nipe kiti nikae, miguu ni yangu, kiwanda hakikunizaa. Kisha wanashona. Wakitishwa, kesho wanaimba tena. Wasimamizi wakabadilishwa, wapya wakakuta wimbo upo. Hata msichana mpya akifundishwa mashine anafundishwa na ubeti. Walikwenda hivyo zaidi ya mwaka, mpaka siku moja likaja lori limejaa viti, likashusha, likaondoka. Hakuna aliyetangaza chochote. Hakuna gazeti lililoandika.

Mimi nilikuwa nyumbani hapa hapa, mitaa mitatu tu, nafua. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege. Kimya alikuwa anauza vitambaa sokoni na sidhani alijua.

Nikaegemea mlango. Mwanamke mmoja mlangoni, hata hanijui, akasimama akanisogezea kiti chake. Nikakaa. Nilikaa pale nikasikiliza cherehani mpaka Kipara akasema tunaonekana.

Sasa wanakuja hapa kufanya mazoezi uani. Wao wana akili ambayo sisi hatukuwa nayo. Wanapokezana. Wawili wanapiga, mmoja yuko jikoni, mmoja yuko na kaka yako anamkanda mguu, halafu wanabadilishana. Hakuna anayelala juu ya ngoma. Nimewafundisha pale kwenye "Kiti" ambapo kaseti imeharibika. Mkono wa kushoto unagoma kufika juu, lakini wa kulia haujasahau kitu. Nilipiga wimbo mzima, nikahema kama nimepanda mlima, nikacheka peke yangu.

Onyesho lenyewe nimewaambia siwezi. Siku hiyo wote wako jukwaani. Jirani anaogopa kumgusa mgonjwa, na mwanangu hawezi kuahidi siku. Nimewafundisha, inatosha.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Wifi yako,
Kishindo


20 Mei

Wifi,

Salamu. Sijui kama barua yangu ya Machi uliipata au umeamua kuninyamazia. Natumaini u mzima.

Kaka yako ameanguka. Usishtuke sana, yupo, anapumua vizuri, lakini lazima ujue. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimeketi hapo hapo pembeni ya kitanda namlisha. Nikalala nimeshika kijiko. Nilipozinduka yeye alikuwa sakafuni na damu kwenye paji la uso. Alikuwa anajaribu kuchukua bakuli mapajani mwangu lisimwagike. Nalijua hilo kwa sababu bakuli alikuwa nalo.

Sikuweza kumnyanyua. Bega lilikataa. Nikakaa naye sakafuni mpaka wasichana walipotoka zamu. Wakamnyanyua wao, wakatupeleka hospitali, wakamshona. Daktari amesema mfupa haujaguswa. Mimi nami alinitazama akaniuliza mara ya mwisho nililala lini. Nikamwambia, ukiacha leo mchana, sikumbuki.

Wasichana nimewaambia wasije tena kwa mazoezi. Walikuja kesho yake wakasimama uani na vyombo vyao, nikawarudisha. Kipara alitaka kubishana, nikafunga mlango. Sina hasira na mtu. Sina tu nguvu ya kusikia kitu chochote.

Wifi yako


14 Juni

Wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Hujambo? Bega? Unalala? Mimi sijambo, na hata ningekuwa mgonjwa leo nisingekuambia. Kaka yangu mpe pole ya kuanguka. Pole kubwa zaidi ni yako.

Barua ya Machi niliipata. Niliisoma nikachemka kama ulivyonionya, nikaiweka. Nilitaka awe yeye, wifi. Nimeishi huku miaka yote hii nikiwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo ni ndugu yangu, na ilinisaidia kuamka asubuhi. Halafu wiki ile ile nilikuwa natandika kitanda cha mzee mmoja, nikaegemea ukuta, na msimamizi wangu akanikuta nimelala wima na foronya mkononi. Alipoondoka nilikaa kwenye kitanda kile nikawaza ngoma, na paji lako la uso juu yake. Sikuwa na hasira tena. Nilitaka kukuandikia, sikujua nianzie wapi, siku zikapita. Viti vile navyo nimeviwaza sana. Nimewasimulia wenzangu wa zamu, wakadhani natunga.

Ilipofika hii ya Mei nilikwenda moja kwa moja ofisini kuomba likizo. Huku likizo inaombwa kama unaposa binti yao. Walikataa, nikarudi, wakakataa, nikarudi. Nadhani mwishoni waliona ni afadhali waniruhusu kuliko kuendelea kunisikia.

Sasa nisikilize. Kwanza acha kumnyanyua kwa mikono. Kunja shuka mara mbili, ipitishe chini ya mgongo na makalio, umvute kwa shuka, magoti yako yakiwa yameegemea kitanda. Weka kiti upande ule ambao haujalala, awe na cha kushika. Ukishindwa hata hivyo, mwache alale upande mmoja mpaka apatikane mtu. Hatakufa kwa saa moja.

Pili, Kipara ameniandikia. Sijui anwani alipata wapi, mtoto yule angekuwa polisi. Anasema umewafungia mlango na kwamba hawajatafuta mpiga ngoma mwingine. Anasema nije niimbe hata ubeti mmoja. Nimemjibu kwamba siji kuimba, na asiniombe tena. Nikipiga kelele sekunde kumi nakohoa dakika tano, na sitaki watu walipe kiingilio kuja kunionea huruma.

Lakini nakuja. Kazi ninayoijua siku hizi ni moja. Nimewageuza kaka za watu kitandani mpaka nimepoteza hesabu, nimewanyoa ndevu, nimewalisha, nimewaimbia kwa sauti hii iliyokufa walipoogopa giza, na wangu mwenyewe unamgeuza wewe peke yako na bega bovu. Siku ya onyesho nitakaa naye mimi. Na siku za kabla na za baada, mpaka likizo iishe. Wewe utalala kwanza. Halafu utakwenda kupiga.

Wafungulie mlango hao watoto. Usinibishie, tiketi imekatwa.

Wifi yako,
Honi


Jumamosi asubuhi, Agosti

Wifi,

Habari za kuamka. Ndege ilichelewa, umefika alfajiri, umelala na viatu, na sikuwa na moyo wa kukuamsha. Kipara na wenzake wamekuja kunichukua mapema kwa ajili ya kupanga vyombo, kwa hiyo nakuachia karatasi hii hapa mezani. Nilitaka kukusalimu vizuri. Tutasalimiana jioni.

Kaka yako ameshakunywa uji, ameshaoshwa, amegeuzwa kuelekea dirishani. Aliponiona nimevaa suruali alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea ule mkono wake mzima akanivuta kola ikae sawa. Shuka safi ziko kwenye kabati la kushoto. Dawa ya saa sita ni ile nyeupe, isage kwanza, vidonge vizima anavitema. Akikunja uso tu ana kiu, akikunja uso na kuvuta shuka amechafuka. Wewe mambo haya unayajua kuliko mimi, najisikia tu vibaya kuondoka bila kuyasema.

Nimelala siku nne mfululizo tangu mwanangu apate ruhusa ya kuja, na yeye amerudi barabarani jana. Bega nimelikanda. Naogopa, kama unataka kujua. Ukumbi ule ni mkubwa na mimi ni mwanamke mzima mwenye mkono mmoja na nusu.

Wanapiga honi nje, wananisubiri.

Mchana akianza kutazama mlango, usihangaike, haumwi. Ananitafuta. Mwambie niko kazini.

Wifi yako